Ufunguo wa Gari ni Amana ya Nyumba Nzima



Leo twapenda kuzungumza juu ya kitu kidogo kikaacho mfukoni mwa baba au mkobani mwa mama, ambacho wengi wetu hukitumia kila siku bila ya kukijua. Nacho ni ufunguo wa gari wa siku hizi, pamoja na king'ora chake, na kile kizuizi cha injini ambacho mafundi wetu hukiita imobilaiza. Huenda msomaji akasema, "Ufunguo nao una maneno gani? Wabonyezwa, mlango wafunguka, basi." Nasi tulikuwa katika kauli hiyo hiyo, mpaka usiku mmoja ulipotufunza.

Ilikuwa yapata saa nane za usiku, jirani yetu akatugongea mlango. Mkewe ameshikwa na uchungu wa uzazi kabla ya siku zake, na gari lake halifunguki. Tulitoka mbio. Tukamkuta yule bwana amesimama kizani, akibonyeza rimoti mara baada ya mara, na gari limenyamaza kama jiwe. Tundu la ufunguo lilikuwako katika mlango wa dereva, lakini ufunguo wa kutia tunduni hana. Alichopewa na muuzaji ni kile kijidude cheusi cha plastiki chenye vifungo viwili, basi. Wanaume tulikusanyika watano. Mmoja akashauri kioo kivunjwe. Mwingine akashauri gari lisukumwe, ijapokuwa gari lile ni la gia za kujibadilisha zenyewe, wala haliwaki kwa kusukumwa. Ndani, sauti ya mama yule ilikuwa ikizidi.

Mara akatoka binti yake, mwanafunzi wa sekondari, akasema, "Baba, tafadhali nipe huo ufunguo." Akasukuma kijitufe kidogo ubavuni mwa kile kijidude, akavuta, na tazama, ndani yake mkatoka ufunguo mwembamba wa chuma. Akautia tunduni, mlango ukafunguka. Papo hapo king'ora kikalia, mtaa mzima ukaamka, nasi wakubwa tukababaika. Yule binti hakubabaika. Akasema, "Baba, ingia ukanyage breki." Akakigusisha kile kijidude kwenye kifungo cha kuwashia injini, gari likatoa mlio mdogo, baba akabonyeza, injini ikawaka, na king'ora kikanyamaza. Mtoto alizaliwa hospitali kabla ya alfajiri, naye na mama yake ni wazima, alhamdulillahi.

Asubuhi tulimwuliza yule binti ameyajua wapi hayo. Alisema kwamba kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani, hivyo alitafuta katika simu kitabu cha gari kama lile kilichoandikwa Kiingereza, akakisoma siku moja ya likizo kwa kuwa alikuwa hana kazi. Na kilichotutia hofu yote ile ilikuwa ni betri ndogo ya ufunguo, mfano wa kishilingi, iliyokwisha nguvu.

Basi ndugu, hapana haya katika kujifunza. Magari mengi yaendayo katika barabara zetu za Afrika Mashariki yalitumika Japani kwanza, ndipo yakaja kwetu kwa meli. Mengi yao huja na ufunguo mmoja tu. Na kila asubuhi tukiyawasha, sauti ya mwanamke hutuamkia kwa Kijapani, ikitukumbusha kwamba kadi ya kulipia njia kuu za kwao haikutiwa mahali pake. Sisi hucheka, hutia gia, huenda zetu. Na kitabu tusichoweza kukisoma hukaa chini ya makaratasi mpaka siku ya haja.

MAMBO MATATU, SI MOJA

Kosa la kwanza tulilo nalo wengi ni kudhani kwamba rimoti, king'ora na imobilaiza ni kitu kimoja. La. Ni walinzi watatu, kila mmoja ana mlango wake.

Rimoti ni mlinzi wa milango ya gari. Ukibonyeza kifungo, hutuma neno la siri kwa mawimbi ya redio, na gari likilitambua hufungua au hufunga. Katika rimoti za kisasa, neno hilo hubadilika kila mara ubonyezapo; neno la jana halifai leo. Sababu yake ni kwamba, lau lingekuwa moja daima, mwizi angelinasa hewani kwa chombo chake, kisha akalirudia usiku mwenyewe akiwa amelala. Na hapa pana faida kwa wazazi: mtoto achezaye na rimoti ndani ya nyumba, akaibonyeza mara nyingi sana mbali na gari, huweza kuifanya iende mbele mno katika hesabu yake, na gari likaikataa. Mara nyingi dawa yake ni kuibonyeza mara mbili tatu karibu na gari, wakapatana tena.

King'ora ni mlinzi mwenye kelele. Yeye hazuii kitu. Kazi yake ni kupiga ukelele. Gari likifungwa kwa rimoti, baada ya muda mfupi, mara nyingi kama nusu dakika, yeye huingia zamuni, na taa ndogo nyekundu huanza kupepesa. Tangu hapo, mlango au boneti vikifunguliwa bila ya rimoti, hulia. Hii ndiyo sababu lile gari la jirani yetu lilipiga kelele lilipofunguliwa kwa ufunguo wake halali wa chuma. King'ora hakijui nani ni mwenyewe na nani ni mwizi. Hujua tu kwamba mlango umefunguliwa kwa njia isiyo ya rimoti. Katika magari mengi, kukinyamazisha ni kufungua kwa rimoti au kuwasha injini, na baada ya sekunde chache hutulia.

Imobilaiza ni mlinzi wa injini, naye hana kelele kabisa. Ndani ya ufunguo mna chipu ndogo isiyo na betri. Kandokando ya tundu la ufunguo, au nyuma ya kifungo cha kuwashia, mna waya uliozungushwa kama koili. Ufunguo ukikaribia, koili huipa chipu nguvu kidogo ya umeme kupitia hewani, na kwa nguvu hiyo chipu hujibu kwa neno lake. Neno likiwa sahihi, injini hupewa ruhusa ya kuwaka. Likiwa si sahihi, injini haipati ruhusa, hata kama mtu amechonga chuma kilichofanana na chuma chako sawasawa. Na kwa kuwa chipu hii haitegemei betri, gari huweza kuwaka hata rimoti ikiwa imekufa. Hilo ndilo alilolijua yule binti tusilolijua sisi.

Faida ya mlinzi huyu imeonekana duniani. Katika nchi za Umoja wa Ulaya magari mapya ya abiria yalilazimishwa kuwa naye tangu Oktoba 1998, Australia ikafuata mwaka 2001, na Kanada mwaka 2007. Wachumi wawili waliochunguza habari za Uholanzi waliona kwamba wizi wa magari ulipungua kwa kiasi cha asilimia 40 kwa sababu ya kizuizi hiki. Marekani haikuweka sheria ya namna hiyo. Huko, magari mengi ya Kia na Hyundai yaliyouzwa tangu mwaka 2011 na yanayowashwa kwa ufunguo wa kuzungusha hayakutiwa imobilaiza. Mnamo mwaka 2021 na 2022 vijana wakaanza kuonyeshana katika video za TikTok jinsi ya kuyaiba, na mambo yakaharibika. Mwezi Februari 2023 wakuu wa usalama wa barabara wa nchi hiyo walisema kwamba ajali 14 na vifo 8 vilikuwa vimeripotiwa kuhusiana na mchezo huo. Enyi vijana wetu, yatazameni hayo kwa mazingatio. Wale walikuwa watoto wa watu, wengine umri wao ni kama wenu, na walianza kwa kutafuta kusifiwa na wenzao.

BETRI IKIFA

Sasa twaeleza taratibu ambayo kila mtu mzima wa nyumba yapasa aijue kwa moyo, na aijaribu mchana kabla haijamfika usiku.

Rimoti ikianza kudhoofika hutoa dalili: sharti ulikaribie gari zaidi ndipo lisikie, au ubonyeze mara mbili tatu. Usingoje ife. Betri yake ni ndogo, ya mviringo, na namba yake imechorwa juu yake, kama CR2032 au CR1632. Peleka ile ya zamani dukani ununue yenye namba ile ile.

Ikiwa imekwisha kufa, fanya hivi. Tafuta kijitufe au kitelezi ubavuni mwa kijidude, uvute ufunguo wa chuma ulio ndani. Fungua mlango wa dereva. Usistaajabu king'ora kikilia. Keti, kanyaga breki, kisha kigusishe kijidude kwenye kifungo cha kuwashia injini. Katika magari mengi ya Toyota, upande wenye nembo ndio uelekee kifungo. Ukisikia mlio mdogo, bonyeza kifungo kabla ya sekunde 10 kupita. Magari mengine yana kijishimo maalumu cha kutia kijidude, kwa hivyo ni wajibu ujue la kwako liko vipi. Na ikiwa gari lako ni la ufunguo wa kuzungusha, basi zungusha kama kawaida, kwani chipu imo kichwani mwa ufunguo.

Lakini kuna kufa kwa namna nyingine. Ikiwa taa za gari hazipepesi wala milango haigutuki hata kwa rimoti nzima, huenda betri kubwa ya gari ndiyo iliyokwisha. Hapo usiilaumu rimoti. Tafuta jirani mwenye waya za kuazimana umeme.

UFUNGUO WA PILI

Ewe mwenye gari, una funguo ngapi? Ikiwa ni mmoja, basi fahamu ya kuwa nyumba yako yote imening'inia katika uzi mmoja. Ufunguo wa zamani ukipotea, fundi huchonga mwingine kwa dakika chache. Ufunguo wenye chipu hauchongwi tu. Sharti utambulishwe kwa gari. Maadamu unao mmoja unaofanya kazi, kutambulisha wa pili ni kazi nyepesi kwa fundi mwenye chombo chake. Ukipotea ule wa mwisho, kazi hugeuka kubwa: huenda ikabidi kumbukumbu ya imobilaiza ifutwe na kuandikwa upya, au kisanduku chake kifunguliwe, na gari huenda likachukuliwa kwa kuvutwa. Gharama yake huwa maradufu ya ile ya kutengeneza ufunguo wa pili mapema. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Na ukinunua gari lililotumiwa, hasa kwa mtu wa papa hapa mjini, usitosheke na kupokea funguo mkononi. Huenda uko mwingine kwa mwenye gari wa kwanza, au kwa dereva aliyefukuzwa kazi, au kwa nduguye. Katika magari mengi fundi huweza kusoma ni funguo ngapi gari linazozijua. Mwambie afute zote, kisha atambulishe zile ulizo nazo peke yake. Jambo hili lifanywe mbele ya macho yako, na fundi awe ni mtu mwenye duka linalojulikana, si wa kupita. Kwani awezaye kukutengenezea ufunguo wa pili, aweza pia kutengeneza wa tatu usiouona. Mafundi wengi ni watu waaminifu walao jasho lao, nasi hatuwatuhumu. Lakini amana haipewi mtu usiyemjua.

Kadhalika tuache ile desturi ya kumwachia mwosha magari ufunguo tukaenda zetu sokoni, au kuutundika msumarini karibu na mlango wa mbele, kila aingiaye auone.

WIZI USIOVUNJA KITU

Baadhi ya magari ya kisasa hayahitaji hata kubonyezwa. Mwenye ufunguo mfukoni akikaribia, mlango humfungukia. Raha hii ina mlango wake wa hatari. Wezi wawili huja usiku. Mmoja husimama karibu na ukuta wa nyumba na chombo cha kunasia mawimbi, mwingine husimama karibu na gari na chombo kingine. Maneno ya gari hupelekwa mpaka kwenye ufunguo uliomo ndani ya nyumba, na majibu ya ufunguo hurudishwa mpaka kwenye gari. Gari hudhani kwamba mwenyewe amesimama kando yake. Hufunguka na huwaka. Hakuna kioo kilichovunjwa, wala king'ora hakilii, kwani kwa hesabu ya gari hapana ubaya uliotendeka.

Si hadithi hii. Mwaka 2011 watafiti wa chuo kikuu cha ETH huko Zürich, Uswisi, walijaribu aina 10 za magari kutoka kwa watengenezaji 8, na yote yalidanganyika kwa njia hiyo. Tangu hapo watengenezaji wamezidisha akili: baadhi ya funguo mpya hulala zisipotikiswa, na nyingine hupima umbali wenyewe baina yake na gari. Lakini magari mengi yaliyofika kwetu ni ya kabla ya maendeleo hayo.

Kinga yake si ghali. Usiuweke ufunguo karibu na mlango au dirisha. Uweke katikati ya nyumba, ndani ya kopo la bati lenye mfuniko unaoshika vema, kisha ujaribu mwenyewe: simama kando ya gari na kopo mkononi, uvute mlango. Ukifunguka, kopo halifai, tafuta jingine. Katika funguo nyingi za Toyota za namna hii iko njia ya kuulaza ufunguo: shikilia kifungo cha kufunga, huku ukibonyeza cha kufungua mara mbili, na taa yake ndogo itapepesa mara 4. Kuuamsha ni kubonyeza kifungo chochote.

Wako pia wezi wasioushughulikia ufunguo kabisa, bali hufikia nyaya za mawasiliano za gari, hata kwa kupitia nyuma ya taa ya mbele, wakaliamrisha gari kutoka huko. Kwa hawa, kile chuma cha kizamani cha kufungia usukani kingali na kazi. Mwizi hupenda wepesi na giza. Kila kinachomchelewesha na kumfanya aonekane ni msaada kwako.

Hapa twataka kutoa onyo. Wako mafundi watiao swichi ya siri ya kukata mafuta au umeme wa injini. Swichi izuiayo injini isiwake gari likiwa limesimama ni kinga nzuri. Lakini ile ikatayo injini gari likiwa mbioni ni hatari kubwa: usukani huwa mzito ghafula, na breki, baada ya kukanyagwa mara chache, huwa ngumu. Atakayeumia huenda akawa mpita njia asiye na hatia. Na waya mbaya uliotiwa bila ya fyuzi huweza kuwaka moto. Usikubali kazi ya namna hiyo.

KATIKA NYUMBA YENYE WATOTO

Haya tuliyoyasema ni ya mali. Sasa twasema yaliyo makubwa kuliko mali.

Ile betri ndogo ya rimoti, mtoto akiimeza ikakwama kooni, huunguza nyama ya ndani katika muda wa saa 2 tu. Haihitaji kupasuka wala kuvuja; unyevu wa mwili na umeme wake vyatosha. Na mtoto mdogo hawezi kusema. Utamwona anatokwa na udenda, anakohoa, anakataa chakula, au haonyeshi dalili yoyote. Ukishuku tu kwamba ameimeza, mpeleke hospitali mara moja, useme wazi, "Amemeza betri," ili apigwe picha. Usimtapishe, wala usimpe chakula. Ikiwa amezidi umri wa mwaka mmoja, ameimeza katika saa 12 zilizopita, na anaweza kumeza, madaktari hushauri apewe njiani asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, visizidi mara 6. Lakini asali isikucheleweshe kuondoka. Aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali. Kwa hivyo betri za zamani zisiachwe juu ya meza, na rimoti ambayo mfuniko wake umelegea isipewe mtoto wa kumbembelezea, hata akililia.

La pili ni joto. Usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa, hata kwa muda wa kununua mkate. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha mwaka 2005 kwamba, hata siku isiyo ya joto kali, hewa ndani ya gari lililosimama juani huzidi joto kwa wastani wa digrii 22 za Selsiasi katika saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo huja katika nusu saa ya kwanza. Kukiacha kioo wazi kidogo hakukusaidia kitu. Ikiwa huko ni hivyo, basi Mombasa na Dar es Salaam itakuwaje? Tena baadhi ya magari yana kufuli ya maradufu: kifungo kikibonyezwa mara mbili, mlango haufunguki hata kwa mkono wa ndani. Imetiwa ili mwizi avunjaye kioo asiweze kufungua mlango. Lakini haimpambanui mwizi na mwana wako. Kabla ya kufunga, tazama kiti cha nyuma kwa macho yako.

La tatu ni moshi. Gari la kifungo huwa kimya mno, hata mtu hushuka na ufunguo mfukoni akadhani amelizima, kumbe injini ingali yanguruma. Katika gereji iliyoungana na nyumba, moshi wake huingia vyumbani bila ya harufu ya kuwaamsha waliolala. Marekani watu wengi wamekufa kwa sababu hiyo. Mtoto na afundishwe kuuliza kila siku, "Baba, umezima?" na baba asimkasirikie.

KELELE NA HAKI YA JIRANI

Tumalizie kwa neno la adabu. Nani kati yetu hajapata kusimama katika sala ya Ijumaa, na nje ya msikiti king'ora kikalia mwanzo wa hotuba mpaka mwisho wake, na mwenye gari yumo safu ya mbele? King'ora kiliacho kwa kila upepo na kila paka apitaye juu ya boneti humuudhi mgonjwa, humwamsha mtoto mchanga, na kisha humdhuru mwenyewe. Kwani jirani husikia leo, kesho, na kesho kutwa. Siku ya nne hasikii tena. Mwizi akija siku ya tano, king'ora kitalia kwa haki na hakuna atakayefungua dirisha. Kwa hivyo kikiwa kikali mno, mpelekee fundi akipunguze makali. Na kikilia, toka upesi ukinyamazishe, uwatake radhi walioamka. Naye jirani asikiapo king'ora asiseme, "Hayanihusu." Na achungulie, apige simu, aite wenzake, lakini asimwendee mwizi peke yake.

Na ikiwa watu wenye silaha watakusimamisha njiani wakautaka ufunguo, wape. Shuka pole pole na mikono yako ionekane, na ikiwa nyuma mna mtoto, sema kwa sauti kwamba mna mtoto. Hakuna imobilaiza wala king'ora kiwezacho kurudisha roho iliyotoka, ilhali gari hupatikana jingine.

Yule jirani yetu sasa ana funguo mbili. Wa pili umekaa kwa mkewe, kwa kuwa usiku ule yeye ndiye aliyekuwa na haja kubwa kuliko wote. Na kila mwanzo wa mwaka, nyumba yao yote hukutana kando ya gari: baba, mama, na yule binti akiwa mwalimu wao. Kila mmoja huvuta ufunguo wa chuma, hufungua, huzima king'ora, huwasha, kisha humpisha mwenziwe. Kazi yote haimalizi robo saa. Nasi twakuombeni, ndugu wasomaji, leo kabla ya kulala mkautazame ufunguo wenu, mjue ndani yake mna nini, mkamwonyeshe na mwingine nyumbani, ili msije mkaukuta usiku wa haja ilhali hamjui pa kuanzia.

Wabillahi tawfiq.